Mjukuu hataki kuulizwa habari ya shule, anataka kuona kumbikumbi

Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha darasa la kwanza na la pili miaka mingi huku Kakamega, kwa hivyo nilidhani watoto nawajua. Kumbe mtoto wa kwa simu ni mwingine kabisa. Kijana wangu wa pili anaishi Minnesota, Marekani, yeye na bibi yake na watoto wawili, kijana wa miaka 8 na kasichana ka miaka 4, na mwaka mzima wa kwanza tulikuwa tunapigiana video kila Jumamosi na kila Jumamosi ilikuwa ni ile ile. Nachana nywele, mzee anavaa shati ya kanisani, simu inalia, hamjambo watoto, hatujambo. Shule? Sawa. Mmekula? Ndiyo. Halafu kimya. Kasichana kanajificha nyuma ya kochi, mama yake anakavuta mkono kuja usalimie Kukhu, yaani nyanya kwa Kiluhya, kanalia, mimi nasema mwache mwache mama watoto, lakini moyoni naumia, juu mtoto wa mtoto wako akilia kwa sababu ameambiwa akusalimie, usiku unalala ukiangalia dari.

Siku mambo yalibadilika hakuna mtu alikuwa amepanga. Ilikuwa mapema Septemba, mahindi yameshakauka yako kwa baraza, nimekaa chini kwa gunia napukuchua kwa mkono, leso kiunoni, kichwa hata sijafunga, nikijua bado kuna kama nusu saa kabla simu ilie. Ikalia mapema, baba yao alikuwa anaitwa kazini akataka tuongee haraka haraka. Nikaiegemeza simu kwa debe nikaendelea na kazi yangu juu mikono ilikuwa imejaa vumbi ya mahindi, na ile sauti ya punje zikigonga beseni kasichana kakaisikia. Sikukaona kakitoka nyuma ya kochi, niliona tu paji la uso limejaa skrini yote. Kakauliza kwa Kizungu chake, Kukhu hiyo ni nini inalia?

Basi nikainua gunzi nikamwonyesha. Nikamwonyesha vile unaanza na mstari mmoja, unausukuma na kidole gumba hadi uishe, na ukishafungua huo mmoja ile mingine inaachilia yenyewe, haina tena pahali pa kushikilia. Kaka yake akasikia naye akaja. Nikamwambia huyo mkubwa, hebu hesabu mistari kwa hili gunzi, nikalizungusha polepole karibu na kamera, akahesabu 14. Nikachukua lingine, 12. Lingine, 16. Nikamuuliza unaona nini kwa hizo namba? Akafikiria akasema zote unaweza gawanya kwa mbili. Kweli, mistari ya mahindi huwa ni namba shufwa, hata uende shamba la nani, na yule mtoto aliniangalia kama ni mimi nimeyaumba mahindi. Tulikaa pale dakika 25. Hakuna mtu aliuliza habari ya shule.

Usiku huo nikamwambia mzee, tumekuwa tukiwakosea hawa watoto. Mtu mzima akikupigia simu anataka kuongea, mtoto anataka kuona unafanya nini na kama yeye pia anaweza kufanya. Na sisi watu wa shamba hatukosi cha kufanya, kila mwezi una kazi yake, tena majira yetu na yao hayafanani hata kidogo, huku tukianika wao wanatetemeka na baridi, huku tukipanda wao bado wanakoroga matope ya theluji. Huo utofauti nilikuwa naona ndio unatutenganisha, na kumbe ndio ulikuwa utupe kitu cha kufanya kila wiki.

Mzee wangu si mtu wa maneno. Alikuwa fundi seremala hadi mgongo ukakataa, na kwa simu alikuwa anasema "haya" na "Mungu awabariki" kisha anatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Wiki ya pili hiyo ya Septemba mjukuu wangu kijana akalalamika ati siku zimeanza kuwa fupi, hawezi tena kucheza nje baada ya chakula cha jioni. Akaniuliza, Kukhu, kwenu jua linazama saa ngapi? Nikamwambia kama saa moja kasoro jioni. Na Desemba? Saa moja kasoro. Na Juni? Hivyo hivyo, likisonga sana mwaka mzima ni kama nusu saa hivi. Akakataa kabisa. Kwao Juni jua linazama saa tatu usiku na Desemba saa kumi na nusu hivi giza linaanza kuingia, kwa hivyo alijua Kukhu anamchezea. Nikasikia kiti kikisukumwa, mzee ameinuka. Nikadhani anaenda kwa ng'ombe. Akarudi na kijiti na tepu yake ya kupimia.

Akamwambia, bwana mdogo, tafuta kijiti, ukate sentimita 30 kamili, mimi pia nitakata sentimita 30. Wiki ijayo karibu na tarehe 22 tunasimamisha vijiti kwa jua la utosi, kila mtu kwake, tupime kivuli.

Jumamosi ikafika. Saa yetu ya jua la utosi kwao bado ni usiku, kwa hivyo ya kwetu tulirekodi. Saa sita na nusu na dakika kidogo mzee amesimamisha kijiti kwa uwanja, amehakikisha kimesimama wima na ile timazi yake ya kazi, na kivuli hakuna. Kimejikusanya pale chini ya kijiti kama mtu amekiweka mfukoni. Nikamwelezea kijana kwa video kwamba mstari wa ikweta unapita pale Maseno, ukitoka hapa kuelekea Kisumu si mbali sana, na siku hizo za Septemba na za Machi jua linapita juu ya ikweta, juu ya kichwa chetu hapa. Usiku saa tatu wakapiga, kwao ni saa saba mchana, kijana yuko nje na kijiti chake na rula. Akapima. Akapima tena. Akasema Babu, kivuli ni 30. Urefu sawa na kijiti!

Sijui kama mnaelewa furaha ya huyo mzee. Pale wanapoishi Minnesota ni katikati kabisa ya ikweta na ncha ya kaskazini, nyuzi 45, na ndiyo maana siku hizo kivuli kinatoka sawa na kijiti, lakini mzee hakuwa amemwambia, alimwacha apate mwenyewe. Akanunua daftari. Desemba wakapima tena kando ya njia iliyofagiliwa theluji, kivuli chao kikafika sentimita 76, chetu 13. Na Juni, hapa ndipo kijana alichizi, chao 12 na chetu 13, karibu sawa, lakini chao kinaangalia kaskazini na chetu kinaangalia kusini, juu mwezi huo jua liko katikati yetu, sisi tuko huku chini na wao wako kule juu yake. Kijana akasema, Babu, jua liko katikati yangu na wewe. Mzee akaandika hayo maneno kwa daftari na tarehe, niliona.

Sasa niseme kidogo vile tunajipanga, juu wamama wenzangu kanisani huniuliza. Simu usiishike na mkono, mkono unachoka unaanza kuwaonyesha dari na pua. Mimi naiegemeza kwa kopo la maharagwe lililojaa, halisongi, na kiti nakiweka dirisha likiwa mbele yangu, si nyuma, ukikaa na dirisha nyuma wanaona kivuli tu cha mtu. Pawabenki iwe imejaa, juu mvua ikinusa tu stima zinapotea. Alhamisi namtumia mama watoto ujumbe wa sauti: mama, Jumamosi tutahitaji kikombe, pamba na maharagwe matano. Vitu vidogo ambavyo viko nyumbani. Usimtume mtu wa watu anatoka zamu ya usiku aende kutafuta vitu dukani, atachoka na wewe. Na muda, huyu wa miaka 4 nampa dakika 10 za kweli halafu aende zake akirudi arudi, simwiti. Tangu niache kumwita ndio anakuja.

Halafu kuna hiyo mambo ya saa, ilitusumbua sana. Marekani wanasongeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, sisi hatusongezi. Kwa hivyo wakati wa baridi wako nyuma yetu saa 9, wakati wa joto saa 8. Mwaka wa kwanza sikujua. Jumamosi ya kwanza baada ya kusongeza nimekaa saa kumi na mbili jioni kama kawaida, nangoja, hakuna, na wao walikuwa wamepiga saa kumi na moja nikiwa nakamua, simu iko ndani kwa chaji. Kijana alikuwa ameshika kikombe chake cha maharagwe nusu saa nzima, mama yake aliniambia baadaye. Siku hizi nimeandika kwa kalenda ya ukutani na kalamu nyekundu.

Oktoba walikuwa wananionyesha majani ya miti yao, mekundu, manjano, mengine rangi ya kutu, wakiyaweka chini ya karatasi na kusugua na krayoni hadi mishipa ya jani inatokea. Tulifanya pamoja, mimi nilitumia jani la mpera na la mparachichi, tukalinganisha mishipa. Ilikuwa nzuri, haikuwa na mengi. Lakini mwisho wa huo mwezi wakaleta boga kubwa la kuchonga uso, na nikaona mama watoto anachota nyama yote ya ndani na mbegu anaweka kwa takataka. Nikashindwa kunyamaza. Nikasema mama, ngoja, hizo mbegu usitupe, zioshe, zikaushe na kitambaa, ukaange na chumvi. Na mimi nilikuwa na mbegu zangu tayari, tukakaanga pamoja, wao kwa oveni sisi kwa kikaango, tukawa tunasikiliza za nani zitaanza kupasuka. Kasichana kakataka kujua kama sisi pia tunachonga macho ya boga. Nikamwambia sisi boga tunalichemsha tunakula na chai, na majani yake pia tunayala, tunaita lisebebe, na nikatoka na simu mpaka shambani nikakachumia moja mbele yake, nikamwonyesha vile unamenya zile nyuzi za kikonyo kabla ya kupika. Hiyo lisebebe kalirudia wiki nzima, mama yake anasema hata kwa gari.

Hapo nikajifunza kitu kama mwalimu, na nakisema na uchungu kidogo. Miezi ya kwanza nilijaribu kuwafundisha Kiswahili kwa simu, sema "kikombe", sema "mlango", na kijana alikuwa anaangalia pembeni. Sasa wanajua mbegu, gunzi, kivuli, moto, chumvi, pukuchua, ungo, na sikufundisha hata moja. Walizishika kwa sababu walizihitaji kwa kazi.

Krismasi yetu ya kwanza niliiharibu mimi mwenyewe. Nilitaka waone watu wote, na nyumba imejaa, mashemeji, binamu, watoto wa Nairobi wamekuja, isukuti inapigwa huko nje, simu inazunguka mkono kwa mkono, kila mtu anapiga kelele waona mimi ni nani, wanikumbuka? Mtoto wa miaka 4 atakukumbuka aje na hajawahi kukuona. Kakalia, netiwaki ikakatika, ikawa hivyo. Mwaka uliofuata nikafanya tarehe 24 asubuhi... ngojeni, asubuhi kwao, kwetu ni jioni. Chapati. Tukiwa sisi wanne tu na mama yao. Nilimwambia mama watoto akande unga kabla, aufunike upumzike, ili watoto wafike kwa ile sehemu tamu ya kusukuma na kukunja. Unapaka mafuta, unakunja kama mkeka, halafu unazungusha kama konokono. Za kijana zilitoka na umbo la ramani lakini zilikuwa na matabaka, alizirarua mbele ya kamera kuonyesha Babu hayo matabaka. Na isukuti mzee aliwapigia kwa meza na viganja viwili, polepole, kisha wakarudisha wao kwa meza yao. Hiyo ngoma ya Waisukha na Waidakho UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwa orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, na mimi nikiona wale watoto wanagonga meza huko Marekani naona basi hata sisi tumeokoa kidogo.

Januari ni kiangazi huku, vumbi, mabati yanalia na joto, na kwao theluji imefika kwa dirisha. Kijana akavaa makoti yake yote, akakimbia nje na bakuli, akarudi amelijaza limefura juu kama unga, akaliweka mbele ya simu. Akasema Babu, Kukhu, ikiyeyuka itabaki maji kiasi gani? Mimi nikasema nusu bakuli. Mzee akasema robo. Kijana akacheka, anajua. Akaliweka juu ya hita na tukangoja, na kungoja mbele ya skrini ni kazi, kwa hivyo nikaanza vitendawili. Kitendawili! Nikawafundisha waseme tega. Nyumba yangu haina mlango. Wakahangaika, pango, sanduku, kaburi (hiyo alisema kijana, nikashtuka), hadi kasichana kakaenda kwa friji kutafuta maziwa kakaliona yai na kakapiga kelele. Kila dakika kidogo analeta bakuli tuangalie. Ile theluji haiyeyuki kama barafu ya soda, inakaa chini polepole, inakuwa ya kijivu pembeni, kisha katikati inabaki kisiwa kidogo kinachoelea, kisha hicho kisiwa kinazama. Maji yaliyobaki yalifunika tu chini ya bakuli, vijiko vichache. Mzee aliinama hadi pua ikagusa simu. Akauliza, hayo mengine yameenda wapi? Na mtoto wa miaka 8 akamweleza babu yake kwamba hayo mengine yote yalikuwa ni hewa, theluji ni hewa imeshikwa katikati ya vipande vidogo vya barafu. Mzee akasema asante mwalimu. Alikuwa anamaanisha.

Hapo ndipo kijana aliniuliza kama sisi pia tuna barafu inayotoka mbinguni, na mimi bila kufikiri nikasema ndiyo, mvua ya mawe, nitakuonyesha. Machi hiyo ikanyesha kweli, Jumatano, tukiwa tumeshapanda, ikagonga mabati hadi mtu haskii mwenzake. Nikaokota kikombe kizima. Stima zilikuwa zimepotea, kabla ya asubuhi kikombe kina maji. Jumamosi kijana akaniambia kwa upole, Kukhu, haya ni maji. Niliumia zaidi ya vile angekasirika.

Lakini Aprili ikatulipa, na hii ndiyo napenda kusimulia zaidi ya zote.

Mtu yeyote wa Magharibi anajua, mvua zikishika, kumbikumbi wanatoka. Kuna wale wa usiku wanaofuata taa, na kuna wale wa mchana ambao unawaita. Unafunika kichuguu na majani ya ndizi na blanketi kuukuu, unaacha tundu moja linaloelekea kwa sufuria uliyoizika, halafu mnakaa kando mnagonga vijiti kwa ubao, tititi tititi, kama matone ya mvua, na wao wakisikia wanadhani mvua imefika wanatoka. Watoto wa jirani walikuwa tayari wamekaa kwa kichuguu changu saa kumi na moja jioni, kwao saa tatu asubuhi. Nikatoka na simu. Kijana akauliza mnafanya nini, nikamwambia tunawaita kumbikumbi. Akauliza, wanaweza kunisikia?

Nikasema tujaribu. Nikaongeza sauti hadi mwisho, nikaiweka simu juu ya jiwe karibu kabisa na kichuguu, na huko Minnesota kijana akachukua mwiko na sufuria na kasichana kakachukua kifuniko na kijiko, bado wako na nguo za kulala. Wakaanza kwa fujo. Watoto wa jirani wakawaambia hapana, polepole, hivi, na wakawapigia, na wakafuata, na ikafika pahali watoto sita, wanne kwa nyasi zangu na wawili ng'ambo ya bahari, wanagonga pamoja pigo moja. Kama dakika 15. Nilishaanza kutafuta la kuwaambia wasipotoka. Halafu wakatokea askari kwanza, wale wenye vichwa vikubwa, wakajipanga kwa mdomo wa tundu, na nyuma yao ukaanza kuona kitu kinang'aa, mbawa, mmoja, watatu, halafu wakamwagika. Nikaiinua simu nikawaonyesha wanavyoteremka kwa sufuria, wengine wamenipanda mkono, na kasichana kakapaza sauti, wametusikia! Kukhu, wametusikia!

Mimi siapi ni sufuria ya Minnesota iliwatoa, lakini sikuona sababu ya kubishana. Nikawakaanga hapo hapo bila mafuta, chumvi kidogo, nikapepeta mbawa kwa ungo mbele ya kamera na mbawa zikaruka zikafunika skrini, na kijana akasema nikija nitakula, kasichana kakasema mimi sitakula lakini nitawaita.

Julai mahindi mabichi, tukachoma pande zote mbili, sisi kwa jiko la makaa na baba yao kwa lile jiko lao la nje la nyama, na mahindi yao ni yale matamu laini, ya kwetu unatafuna hadi taya linachoka. Kijana kabla ya kuuma akahesabu mistari. 16. Akaniambia hata ya huku, Kukhu, shufwa. Limao na pilipili alijaribu, alilia machozi, akaomba tena.

Na sasa tuko Machi tena. Maharagwe yao yako kwa pamba tangu wiki jana, kijana anasema mawili yameshatoa mkia, yangu bado yako kwa debe nangoja udongo ulowe sawasawa. Saa zimesongezwa, hiyo nimeweka nyekundu kwa kalenda, tunaongea saa kumi na moja. Na juzi Jumanne jioni mawingu yakaja kutoka upande wa msitu, meusi yana kijani, nikajua. Nikaweka bakuli nje kabla ya tone la kwanza. Ikaja mvua ya mawe, mengine kama punje za mahindi, mengine kama maharagwe, na mzee na mgongo wake akatoka na ungo juu ya kichwa kuokota yale makubwa karibu na mlango. Hatukungoja stima zipotee. Tulifunga mawe kwa mifuko mitatu nikamkimbilia jirani mwenye duka la soda, yeye ana friza na jenereta, nikamwambia mama, nihifadhie hii, ni ya mjukuu wangu, usiweke samaki juu yake. Leo ni Ijumaa. Mzee ameshaenda kwake mara tatu kuangalia, na asubuhi alinikumbusha nitoe lile bakuli la bluu, linalofanana na lile kijana alitumia kwa theluji.